Mshikizi wa Cherehani

Mate yenyewe yalikuwa hayamezeki. Aliyakusanya mdomoni tangu alipotoka nyumbani, akayatema pembeni mwa ukuta wa kiwanda, akajifuta kwa ncha ya mtandio na kujipenyeza katikati ya wanawake wenzake mbele ya geti. Koo lilikuwa limevimba pande zote mbili, kama mtu aliyemeza kokwa mbili zikagoma kupanda wala kushuka. Homa ilimpanda hadi kwenye meno.

Dirisha dogo la geti likafunguliwa. Kilichoonekana ni kisogo cha msimamizi na kikombe chake cha chai. Hakuwa na tabia ya kuwatazama. Aliita namba za cherehani akiwa amewapa mgongo, na aliyeitika aliingia. Akiita mara mbili kukawa kimya, kiti cha siku hiyo kilikwenda kwa mmoja wa wale waliokaa juu ya matofali ng'ambo ya njia, waliokuja tangu alfajiri kungoja mwenzao augue. Kwa kuwa aliwajua kwa sauti tu, msimamizi huyo walimwita Sikio, ingawa si mbele yake.

"Kumi na sita!"

"Nipo!"

"Kumi na saba!"

"Nipo," alisema, lakini kilichotoka kilikuwa upepo.

"Kumi na saba!"

Akafumba macho, akasukuma. "Nipo!"

"Nani huyo? Mmeniletea chura?"

Wanawake wakacheka. Pale getini, utani wa Sikio ulikuwa sehemu ya kazi.

Ndani kulikuwa na vumbi la nyuzi, lile linaloelea hadi mtu anafikiri ni hewa. Walishona mashuka. Hakuwa amemaliza hata shuka la kwanza Sikio alipokuja kusimama nyuma yake.

"Koo lako linaugua kuliko wewe unavyoshona. Mwezi uliopita hukuja, mwezi juzi hukuja. Sina ugomvi na wewe, mama. Ukikosa tena, usijisumbue kurudi."

"Wamesema yakatwe, bosi. Haya mafindofindo. Hospitali wameshanipa nafasi."

"Basi kakate. Nani kakushika mkono?"

"Na kiti changu?"

"Utaratibu unaujua. Leta mshikizi."

Utaratibu ulikuwa huo, na hakuna aliyejua ulianzishwa na nani. Aliyeumwa, aliyejifungua, aliyefiwa, alileta mtu wake wa kumshikia kiti. Mshikizi alikaa kwenye cherehani ya mwenyewe, akaitika kwa namba ya mwenyewe. Kiwanda hakikuwahi kukosa mikono hata siku moja, wala hakikuwahi kuwa na mgonjwa.

Nyumbani hakukuwa na wa kuchagua. Mumewe alikuwa kibarua wa kuchimba mitaro. Kumpa sindano ni sawa na kumpa mtu koleo achokonolee sikio. Alibaki wifi yake, dada wa mume, aliyerudi kutoka kwenye ndoa na mtoto mgongoni na sufuria moja mkononi, akawa analala nyuma ya pazia.

"Mimi, wifi? Si nitakutia aibu?"

"Aibu haiui, wifi. Njaa ndiyo inayoua."

Waliazima cherehani ya fundi wa jirani, wakakaa nayo mchana kutwa.

"Usiitazame sindano, tazama ukingo wa kitambaa. Mguu usiwe na hasira. Shuka halisukumwi, linaongozwa, kama mtoto anayejifunza kutembea."

"Na yule bwana akiita?"

"Itika haraka, tena kwa kifua. Yule haoni, anasikia."

Wifi akasimama, akajaza pumzi. "Nipooo!" Fundi akachungulia mlangoni kuuliza nani kafa. Wakacheka, mmoja kwa mdomo wote, mwingine ameshika koo kwa mikono miwili.

Alimfundisha vizuri. Alimfundisha hata yale ambayo yeye mwenyewe alihangaika nayo mwaka mzima kabla ya kuyaweza.

Hospitali walimlaza na njaa, bila hata tone la maji. Muuguzi alimvua hereni, akamuuliza kama ana mafua, kama ana jino linalocheza, kama ana mtu wa kumwangalia akirudi nyumbani. Alipouliza swali la mwisho hakusubiri jibu. Kisha akaja daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Mama, mtu mzima akikatwa haya anaumia kuliko mtoto. Wiki mbili nyumbani. Usipige kelele, usikae kwenye vumbi. Kidonda kitaota utando mweupe, uache utoke wenyewe. Ukibanduka vibaya, damu itatoka, na damu ya koo si ya mchezo. Ukiiona, kimbia hapa. Nitakuandikia mapumziko."

"Andika tu, daktari. Kwetu huwa hayasomwi."

Daktari akacheka. Alidhani ni utani.

Alipozinduka, alihisi wamemsahaulia kaa la moto kooni. Maumivu yalipanda hadi masikioni, yakawa yanapiga humo kama mtu anayebisha hodi bila adabu. Nyumbani alikunywa uji uliopoa, kijiko kimoja kimoja, na kila kijiko alikishusha kwa machozi. Mdomo ukaanza kunuka, akawa anageuzia uso ukutani watoto wakija.

"Miaka yote naomba kimya humu ndani," mumewe alisema akiukoroga uji upoe, "kumbe dawa iko hospitali." Lakini macho yake hayakucheka.

Siku za mwanzo wifi alirudi jioni na vidole vilivyochomwa na sindano, akalala bila kula. Baadaye akaanza kurudi na hadithi. Halafu akaanza kurudi anaimba, nyuzi nyeupe zimenasa kwenye nyusi. Jioni moja, wiki mbili za daktari zikiwa hazijaisha, mtoto wake alikuwa anakatiza uani na kandambili mpya, akizipiga chini kwa makusudi zisikike.

Jioni hiyo hiyo wifi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akawa anakunja na kukunjua pindo la gauni lake.

"Wifi, leo Sikio kageuka. Kageuka kabisa, kaniangalia."

Mgonjwa akanyanyua nyusi.

"Anasema kumi na saba siku hizi anashona. Nikamwambia, bosi, kile ni kiti cha wifi yangu, mimi namshikia tu. Akasema, 'Basi aje akichukue kwa mdomo wake. Mimi sifugi washikizi. Kesho yupo, au kiti kina mwenyewe mpya.'"

"Kesho?" Neno lilitoka kama karatasi inayochanwa.

"Usiongee. Daktari alisema nini? Wewe lala, upone. Mimi nipo."

Neno hilo lilimkaa vibaya. Aliitazama mikono ya wifi yake. Vidole vilikuwa vimeshapata sugu mahali panapostahili. Akatikisa kichwa, akaonyesha kwa mkono: kesho, mimi.

"Haya," wifi alisema, akainuka. "Lakini sitakuacha uende peke yako." Na haikujulikana alimaanisha nini.

Asubuhi walitoka pamoja. Getini wenzake walimpokea kwa kumpapasa mabega. "Umepungua, shoga! Wamekukata koo au makalio?" Alitabasamu kwa midomo iliyofungwa. Alikuwa anaitunza sauti, kama mtu aliyebakiwa na kijiti kimoja cha kiberiti.

Dirisha likafunguliwa. Kisogo. Kikombe.

"Kumi na sita!"

"Nipo!"

"Kumi na saba!"

Akavuta pumzi hadi tumboni, akaisukuma yote. "Ni..."

Kitu kikaachia upande wa kushoto wa koo, taratibu, kama mshono unaofumuka. Kisha joto likamjaa chini ya ulimi, joto lenye chumvi. Akafunga mdomo. Alijua ni nini. Alijua pia kuwa akiufungua, geti zima litaona, na hakuna anayempa cherehani mtu anayetapika damu kwenye mashuka meupe.

Ng'ambo ya njia, wanawake wa kwenye matofali walikuwa wameshasimama.

"Kumi na saba!"

Wifi akamgeukia. Aliona mashavu yaliyojaa, akaona uzi mwekundu ukichuruzika pembeni mwa mdomo. Akatazama matofali, akatazama geti.

"Nipo!" akaitika, kwa kifua.

"Hiyo ndiyo sauti," kisogo kilisema. "Kumi na nane!"

Wifi alimshika mkono kwa nguvu. "Nenda hospitali, wifi. Kimbia!" Umati ukasukuma, mkono ukachomoka, na wifi akamezwa na geti. Namba zikaendelea kuitwa. Kila moja ilikuwa na mtu wake. Kisha dirisha likafungwa.

Alivuka njia kwa sababu miguu ilikataa kwenda mbali zaidi. Mwanamke mmoja alikuwa ameshakaa tena. Alipangusa tofali la jirani kwa kiganja, akasogea.

"Kaa, dada. Leo hakuna aliyekosa. Wewe ulikuwa namba ngapi?"

Alikaa. Akameza. Mdomo ukajaa tena, akameza tena.

"Hutaki kusema? Usiogope, hapa wote sawa tu."

Nyuma ya ukuta, cherehani zote zikaanza kwa pamoja.