Ami wa Kuazima

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nisingependa mtu mwingine apewe sifa hiyo. Mwaka wa tisini na tano nilikuwa nalisha mbuzi na ngamia kwenye meli ya mifugo, Mombasa hadi Jeddah na kurudi. Asubuhi hiyo tulifunga gati Kilindini, nahodha akaturuhusu kushuka mpaka alasiri. Wenzangu walitawanyika, huyu kuogelea, yule kutafuta biriani. Mimi nilifika getini tu, nikakutana na Siyad, utingo wa lori kutoka kwetu Garissa.

"Warya, Hamze! Bado unanuka beberu," alisema. Kisha akaacha kucheka. "Kaaha yuko mjini. Alimleta baba yake kupasuliwa jicho. Basi lao linaondoka asubuhi hii hii, na Ijumaa mzee anamwoza kwa Ridwan wa Modogashe, yule mwenye malori."

Kaaha wa mtaa wa Iftin! Tulikuwa tumeahidiana tangu kabla sijapanda meli. Nikimaliza mkataba, wazee wangu wangekwenda kumposa.

Kwetu kijana hajiposei. Akifika peke yake mbele ya baba wa msichana, afadhali angefika bila kikoi. Mzee wa ukoo ndiye husema. Wewe unaangalia vidole vya miguu yako. Na wazee wangu wote walikuwa Garissa. Basi nikamkamata Gelle, mpishi wetu wa meli, mwenye ndevu za hina zilizotosha ukoo mzima.

"Utakuwa adeer wangu, ndugu wa baba," nilimwambia. "Kwa asubuhi hii tu."

"Na mimi nitapata nini?"

"Nitakumenyea vitunguu mpaka Jeddah."

"Na kurudi."

"Na kurudi, wallahi."

Tukaenda mbio hadi Mwembe Tayari, njiani namfundisha baba yangu na babu zangu: Diriye, Gedi, Abdirahim, Liban, Rooble. Aliwarudia bila kosa. Mtu aliyekaririshwa babu zake mwenyewe tangu meno ya utoto, kazi hiyo kwake ni ndogo. Nikaona nimeshaoa.

Mzee Sugow, baba yake Kaaha, alikuwa mkahawani kando ya basi, bandeji kwenye jicho moja. Kaaha alikaa meza ya pili na mzigo mapajani. Aliponiona aliukumbatia ule mzigo kama unataka kukimbia. Dereva alikuwa ameshawasha injini. Siku hizo njia ya Garsen ilikuwa na majambazi, na basi lisilouwahi msafara wa polisi halikungojwa.

Gelle alianza vizuri: salamu, dua kwa ajili ya jicho, habari za mvua, kisha posa yenyewe. Mzee Sugow alimsikiliza, akamgeuzia lile jicho zima.

"Haye. Kwa hiyo wewe ni ndugu wa Diriye."

"Ndiyo."

"Hesabu."

Yaani, taja babu. Gelle akafumba macho kama mtoto wa madrasa. "Diriye wa Gedi, Gedi wa Abdirahim..."

Jambo moja sikuwa nimemuuliza: babu zake yeye. Kumbe naye alikuwa na Abdirahim wake huko nyuma, na ulimi ulipofika hapo ukashika njia uliyoizoea. "Abdirahim wa Farah, Farah wa Samatar, Samatar wa Guled..." Anaenda tu, kwa sauti tamu, macho kayafumba. Nikamkanyaga mguu. Akaongeza mwendo.

Mzee Sugow hakumkatiza. Alimwacha aende mpaka babu wa mwisho, mbali kabisa na watu wetu, ndipo akaweka kikombe chini.

"Masha Allah. Ukoo mzuri sana huo. Wa huyu kijana uko wapi?"

Honi ikalia. "Garissa! Garissa tunaondoka!"

"Adeer," nikamwambia Mzee Sugow mimi mwenyewe, maana kwetu kila mzee huitwa hivyo, adabu nyingine imeshakufa, "wazee wangu unawajua, wako mtaani Waberi. Mimi meli inaondoka leo. Ningefanyaje?"

"Ungekuja peke yako, ningekufukuza kwa heshima. Umekuja na ami wa kuazima, nakufukuza hivi hivi. Kaaha, panda!"

Kaaha akapanda ngazi ya kwanza. Nikamfuata mzee mpaka mlangoni mwa basi.

"Usimwoze Ijumaa, adeer. Nakuomba. Ningoje nirudi na wazee."

"Ridwan hakuningojesha. Alileta wazee wa kweli, na kila mmoja alihesabu babu kumi na watano bila kukohoa. Wewe umeniletea mtu anayenuka vitunguu!"

"Vitunguu ni kazi," Gelle alinung'unika nyuma yangu.

"Nyamaza wewe!" tukamwambia wote wawili.

Abiria walikuwa wameshatoa vichwa madirishani. Dereva akakanyaga mafuta. Kaaha akageuka palepale ngazini, mkono mmoja kwenye chuma cha mlango, akamwambia baba yake, basi zima likasikia:

"Hao babu kumi na watano wote wamekufa, Aabo. Mimi naolewa na aliye hai, na ni huyu hapa."