Barua Elfu Saba za Masufuria

Mshonaji wa sare za shule alikuwa na anwani mia nne za barua pepe, na hakuna hata moja aliyoipata kwa ujanja. Mzazi akija kupimisha mtoto, alipewa daftari lenye jalada la kitambaa cha bluu, akaandika anwani kwa mkono wake mwenyewe. Jioni alitumiwa barua fupi: "Ni wewe kweli uliyejiandikisha?" Akijibu ndiyo, jina lake linatiwa alama ya vema. Asiyejibu hasumbuliwi. Miaka sita barua zake zilifika bila kukwama.

Mwaka huu alituma tarehe za kupima, wiki mbili kabla shule hazijafunguliwa, kama kawaida yake. Akapanga viti, akajivika futi ya kupimia shingoni. Saa nne kimya. Saa sita kimya. Kesho yake akatokea mteja mmoja tu, mama mapacha, tena kwa kupita njia.

"Wewe! Mbona hukutuandikia? Wenzangu wote wameenda kwa yule wa stendi, wanasema umeacha kazi."

"Nimewaandikia wote!"

Mama mapacha akapekua simu. Barua ilikuwa kwenye barua taka, imebanwa kati ya bahati nasibu na dawa ya kuotesha nywele.

Akaitwa fundi wa kompyuta, ambaye mtaa mzima unamwita Miwani. Akafungua, akasoma, akajikuna kidevu.

"Mama, jina lako limechafuliwa. Mwezi uliopita anwani hii ilituma barua elfu saba kwa siku moja. Za masufuria. Watu wasiokujua wakabonyeza 'taka'. Sasa hata ukituma salamu, mitambo inakutupa huko huko."

Masufuria! Mshonaji akatafuta kiti. Mwezi uliopita alikuwa hospitali kwa ajili ya jicho, na neno la siri alimwachia mdogo wake wa tumbo moja, awajibu wateja. Na shemeji, mume wa huyo mdogo, anauza masufuria.

Mdogo mtu akaja jioni na chupa ya chai.

"Dada nawe! Barua tu zile, hazina hata uzito. Mume wangu alipata orodha ya watu, ila anwani yake ilishafungiwa. Nikamwambia, ya dada inaaminika."

"Ulijua yake imefungiwa kwa mambo hayo hayo?"

Mdogo mtu akageukia vikombe.

"Ulijua. Mimi nimelala na bandeji usoni, wewe unaniuzia jina."

"Basi tuma tena, dada."

"Miwani anasema nianze na watu ishirini, wale watakaonijibu na kunitoa takani. Kisha wengine, polepole. Shule zitakuwa zimeshafunguliwa."

Akafungua daftari. Mstari wa kwanza ulikuwa na mwandiko wa mdogo wake, aliyejiandikisha siku ya ufunguzi, hata mtoto hana, ili tu ukurasa usikae mtupu. Mshonaji akaweka rula, akapiga mstari, taratibu, kama anavyowafanyia wanaoomba kutoka kwenye orodha. Halafu akashuka hadi mstari wa mama mapacha, akaanza kumwandikia barua.

"Dada, chai inapoa."

Akashuka jina lililofuata.