Damu ya Watu wa Tanuri

Asubuhi ile miguu ya Ponsian ilikataa kuingia kwenye viatu. Immaculata, mkewe, akaubonyeza muundi wake kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale, kama amebonyeza donge la unga.

"Umekojoa leo?"

"Matone tu."

Kazi ya Ponsian ilikuwa kuyeyusha betri kuukuu za magari kwenye tanuri la karakana ya umma kule Nyakato, ili madini yake ya risasi yatengenezwe chubwi za kuzamishia nyavu za wavuvi. Kila mkutano watu wa tanuri waliomba vifaa vya kuzuia moshi. Kila mkutano meneja, Ndugu Chenge, aliwajibu kwamba nchi haina fedha za kigeni, kisha akapanda Peugeot yake mpya akaenda zake.

Hospitalini, daktari kijana aitwaye Bagenda alimtoa damu, akaipima, akamwita ndani.

"Kuna taka ambazo figo huzichuja zikatoka na mkojo. Zako zimebaki kwenye damu, nyingi mno. Figo zimeharibika, mzee wangu. Nadhani ni ule moshi. Wenzako je?"

"Shimba amevimba uso. Luhaga anatapika."

"Waje wote. Pengine wapo tunaoweza kuwawahi."

Walikuja, wakatolewa damu, wakarudi kazini. Ponsian alibaki kwenye benchi akipumzisha miguu. Chupa za damu zilikuwa bado mezani Chenge alipoingia bila hodi.

"Nani amekutuma upime watu wangu?"

"Ni wagonjwa, Ndugu Meneja."

"Ni kupe. Wanatafuta likizo. Karakana ikifungwa wavuvi watakosa chubwi, mji utakosa samaki. Utakwenda kuwajibu wewe huko mkoani? Daktari wa kabla yako aliyejifanya mjuaji yuko wapi sasa?"

Bagenda akazitazama chupa za damu.

"Imwage."

"Damu nimeshaitoa..."

"Nimesema imwage."

Daktari akaimwaga kwenye sinki, chupa baada ya chupa, akafungulia bomba, akanawa mikono muda mrefu.

"Hiyo ya mwisho ni ya Shimba," Ponsian alisema kutoka kwenye benchi. "Ana mapacha wachanga."

Hakuna aliyegeuka.

Wiki iliyofuata Ponsian aliachishwa kazi kwa kukosa afya. Haukupita muda, operesheni ya Nguvu Kazi, ya kuwapeleka mashambani wasio na kazi, ikaingia mtaani kwao, na mgambo wakamkuta ameketi nje ya mlango wake.

"Unafanya kazi gani?"

"Naumwa, ndugu yangu."

"Nimekuuliza kazi."

"Sina. Wameniachisha."

"Mzururaji. Panda lori, ukalime."

"Anaumwa figo!" Immaculata alipiga kelele, ameng'ang'ania shati la mumewe. "Nendeni hospitali mkaulize!"

"Wote wanaumwa, mama, siku ya kukamatwa."

Walimnyanyua kwa makwapa kama gunia. Immaculata akabaki na kipande cha shati.

Walipofika Usagara, lori likazimika. Wakaamriwa kushuka na kusukuma. Ponsian aliweka viganja vyake vilivyovimba kwenye bodi ya moto, akasukuma pamoja na wengine, pumzi ikikoroma kifuani. Injini ikakohoa, ikashika. Dereva hakusimama, akihofia litazimika tena. Watu wakalikimbilia, wakadandia.

Ponsian alibaki nyuma, akapiga magoti barabarani, ndani ya vumbi. Mgambo wa mwisho akarudi nyuma akikimbia, fimbo juu.

"Kimbia, mvivu wewe! Taifa linakusubiri!"