Mjane Halipi

Mtaani walimwita Mama Vifungo, na jina hilo alilistahili. Kwenye kibaraza alichoshonea nguo palikuwa na makopo kumi na saba ya vifungo, kila rangi na kopo lake, na mteja akija na shati lililopungukiwa kifungo kimoja, yeye alitia mkono koponi bila kutazama akamtoa ndugu wa vile vilivyobaki. Kitu kikipotea kilimkosesha usingizi. Ndiyo maana, akiwa na miaka sabini na miwili, magoti yakilia kama bawaba zisizo mafuta, alianza kwenda jengo la kumbukumbu za zamani kumtafuta baba yake.

Baba alikwenda vitani mtoto angali tumboni, na hakurudi. Hilo tu ndilo alilolijua. Alipokuwa mdogo akiuliza amefia wapi, mama yake alijibu "huko", na huko kulikuwa kukubwa. Shuleni wenzake walimwita mtoto wa upepo. Aliolewa, akazaa, akazika mume, akapata wajukuu, na jina lile bado lilimchoma kama sindano iliyosahaulika ndani ya pindo.

Sasa baraza la mji lilikuwa linajenga ukuta wa majina ya waliofia vitani. Mwenyekiti wa mtaa alipita akigawa fomu, karatasi nzito nyeupe: andika jina la askari, namba yake ya jeshi, ambatanisha ushahidi wa kifo. Mwisho Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana. Mama Vifungo aliipokea fomu kwa mikono miwili. Alitaka kitu kimoja tu kabla hawajafa wote wawili: ambebe mama yake mpaka kwenye ule ukuta, amshike kidole, akipitishe juu ya herufi za jina la baba.

Mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bi Mkubwa, alikuwa na miaka tisini na moja. Miguu ilikuwa imemuaga, lakini ulimi ulikuwa bado unatembea. Maisha yake yote alikuwa na usemi wake mmoja. Mwenye mashine ya kusaga akidai, mlinzi wa bomba akinyoosha mkono, yeye alisema, "Mjane halipi," watu wakacheka, wakampunguzia. Hata wajukuu walipokatazwa kitu waliitana hivyohivyo: mjane halipi. Ilikuwa mzaha wa ukoo.

Aliposikia habari ya ukuta hakucheka. Aligeukia upande wa dirisha, akasema, "Waache waliolala, mwanangu. Karatasi haina huruma." Mama Vifungo alidhani ni uchungu wa zamani. Akamfunika miguu, kesho yake akaondoka na penseli yake.

Penseli, kwa sababu kalamu ya wino walikunyang'anya mlangoni kana kwamba umekuja na kisu. Chumba cha kusomea kilikuwa na meza tatu, feni iliyolalamika, na mtunzaji mmoja ambaye kila mtu alimwita Bwana Vumbi. Miwani yake ilifungwa kwa uzi mguu mmoja, na mikononi alivaa mifuko ya nailoni iliyokazwa kwa mpira, maana ngozi yake iligombana na vitabu vyenyewe. Siku ya kwanza Mama Vifungo aliuliza kama itachukua muda. Bwana Vumbi alimwambia wafu hawana haraka, ni walio hai ndio wanaofunga saa nane na nusu. Siku ya pili Mama Vifungo alimletea uzi mpya wa miwani, mweusi, uliotiwa nta. Tangu hapo yule mtu alimletea vitabu kabla hajaviomba.

Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, jinsi alivyofundishwa darasani. Wiki tatu hakuona kitu. Wiki ya nne alimkuta baba, kumbe karani wa jeshi alikuwa ameweka R mahali pa L. Namba ipo. Urefu upo. Kovu juu ya nyusi ya kushoto. Kazi: fundi wa kushona sare. Hapo alisimamisha kidole muda mrefu. Miaka hamsini alikuwa ameketi kwenye cherehani bila kujua amekalia kiti cha nani.

Katika daftari lile waliokufa waliwekewa msalaba pembeni. Kwa baba hapakuwa na msalaba. Palikuwa na mstari mmoja: ameruhusiwa, afya njema, amepewa koti moja na viatu jozi moja, kiinua mgongo amekichukulia ofisi ya ng'ambo ya mto.

Mama Vifungo akasema labda alifia njiani.

"Mama," alisema Bwana Vumbi taratibu, "maiti hachukui kiinua mgongo."

Akaenda kuleta vitabu vya kodi, kwa kuwa, alisema, serikali inaweza kukosa kukuona ukizaliwa na ukifa, lakini kodi itakuona. Zamani zile kodi ilihesabiwa kwa nyumba, na kila mke alikuwa na nyumba yake. Mwenye wake wawili alilipa mara mbili. Mwanamume akiwa mbali, alidaiwa aliyebaki ndani. Mjane mwenye mtoto mchanga alisamehewa.

Kitabu cha kwao kilikuwa kimeliwa na mchwa kona moja, kama mkate ulioumwa. Nyumba ya arobaini na moja ilikuwa yao. Karani alikuwa ameandika: mjane, mume amefia vitani, kwa kauli yake mwenyewe, amesamehewa. Tarehe ilikuwa mwezi wa tatu. Chini yake dole gumba, la wino wa zambarau, na katikati ya dole mstari mweupe umekatiza kutoka juu hadi chini.

Mama Vifungo alilijua kovu lile la dole la mama yake. Lilimpangusa machozi, lilimmenyea viazi, usiku wa homa lilimpapasa kipaji cha uso. Akarudi kwenye tarehe. Baba aliruhusiwa jeshini mwezi wa sita mwaka huohuo. Miezi mitatu kabla, alikuwa ameshakufa kwao.

"Kuna kingine," alisema Bwana Vumbi, na hakukifungua mpaka Mama Vifungo alipomwambia afungue.

Hiki kilikuwa cha ng'ambo ya mto, mwezi wa nane mwaka uleule, na karani wake alikuwa mtu wa maneno mengi, anajaza mpaka ukingoni. Aliandika: aliyekuwa askari, fundi wa nguo, amehamia. Anasema alifika kwao akaambiwa ofisini kuwa yeye ni marehemu, akaonyeshwa dole la mkewe. Ameulizwa kama ana nyumba nyingine ya kulipia huko. Amejibu hana. Mke amekufa, mtoto amekufa. Aandikiwe nyumba moja.

Mtoto amekufa. Alisoma tena kwa kidole. Kidole hakikutaka kuvuka. Mtoto huyo alikuwa ameketi pale na miwani na mkoba wake wa maandazi.

Bwana Vumbi alimwonyesha na kitabu cha sensa, kilichoandikwa miaka kumi baadaye: mume, mke, watoto wanne, cherehani moja. Ng'ambo ya mto ni mwendo wa siku mbili kwa miguu. Mama Vifungo alikuwa amevuka mto ule mara ngapi kununua vitambaa, hata hesabu hana.

Yule mtunzaji alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliouma zaidi. Alimtolea nakala ya ukurasa wa kwao, akaigonga muhuri. Akasema huu peke yake unatosha. Unasema amefia vitani, dole lipo. Kamati haitavuka mto kuuliza.

Nyumbani alimkuta Bi Mkubwa amekalishwa na mito, anasubiri chai. Aliitandaza ile nakala mapajani mwa mama yake. Bi Mkubwa hakujua kusoma, lakini alilitambua dole lake mara moja. Akalifunika kwa dole lenyewe, kama mtu anayeziba tundu.

"Walichukua mlango," alisema. "Kodi ya miaka miwili, sina hata senti, wakang'oa mlango wakaenda nao. Wewe ulikuwa unatambaa. Nililala kizingitini siku tisa, mgongo nje. Mke wa mzee wa mtaa akaniambia, pumbavu wewe, mjane halipi. Nikaenda. Mlango wakaurudisha."

"Na alipokuja?"

"Tarishi aliniambia jioni. Nikakuweka mgongoni, nikakimbia. Ofisi imefungwa. Kesho yake karani akasema baba yako aliuliza swali moja tu, nani amesema nimekufa. Basi akamwonyesha hili."

"Ulijua yu hai."

"Nilijua."

"Miaka sabini, mama. Nimemwombea dua miaka sabini."

Bi Mkubwa alisema wachumba walikuja, mmoja na baiskeli mpya, akawakataa wote akimngoja mtu arudi asikie habari za mlango. Angerudi siku moja tu angemweleza. Mama Vifungo akamuuliza kwa nini hakuvuka mto akamweleze huko. Bi Mkubwa alitazama dirishani. Akajibu kwamba kama angevuka, angekuwa mke wa mtu tena, na kodi ya miaka yote ile ingemrudia.

Chai ilipoa. Hakuna aliyeinywa.

"Ipeleke," alisema Bi Mkubwa mwishowe. "Wamwandike. Hata mimi nimeilipia hiyo karatasi."

"Mjane halipi," alisema Mama Vifungo, na kwa mara ya kwanza katika ukoo ule maneno hayo hayakumchekesha mtu.

Ijumaa aliamka kama kawaida, akamwogesha mama yake, akamvisha, akamlisha uji. Hakumkosesha kitu, ila mazungumzo. Mwenyekiti wa mtaa alipita saa tano akikusanya fomu za mwisho mwisho. Akauliza, vipi, mzee wetu tumepata namba yake? Mama Vifungo alimjibu kwamba namba ameipata, ila mwenyewe hakufa vitani. Mwenyekiti akauliza basi alifia wapi.

"Mezani kwa karani," alisema Mama Vifungo. "Wote tulifia hapo."

Mwenyekiti alicheka, akidhani ni mzaha wa wazee, akaenda zake.

Palikuwa na sare za shule za kushona, dazeni mbili, na kielelezo cha kukatia kola kilikuwa kimechakaa kingo. Mama Vifungo aliichukua ile fomu. Ilikuwa karatasi nzito, nzuri kwa kola. Akaweka kielelezo cha zamani juu yake, akazungushia chaki, akakata polepole, akifuata mstari, mkasi ukila karatasi kwa sauti iliyofika mpaka chumba cha ndani.

Bi Mkubwa aliisikia. Akauliza anakata nini.

Mama Vifungo aliugeuza mkasi kwenye kona ya kola.