Bakuli la Mwani

Yu-gyeong aliamka kabla ya wazazi wake, akaenda jikoni kunywa maji, na huko akafunua bakuli ambalo hakutakiwa kulifunua. Ndani mwani ulikuwa umelowekwa, umeshavimba, mweusi, unateleza vidoleni. Akarudisha sahani juu yake taratibu kama mwizi.

Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, na kwao mwenye siku yake hunywa supu ya mwani, ile ile anayonyweshwa mama aliyetoka kujifungua, hilo halina ubishi. Lakini pia ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano ya Muan, yale wanayoendea wachezaji wa gofu waliopoteza nafasi zao kwenye ligi ili wazirudishe, na mtu anayekwenda kwenye mtihani hagusi mwani, asije naye akateleza. Siku yake iliangukia msimu wa mashindano kila mwaka, kwa hiyo tangu utotoni hakuwa ameionja supu hiyo siku yenyewe. Baba yake, Bae Sang-cheol, hakutaka hata itajwe mezani. Aliacha kufundisha taekwondo ili ambebee binti yake fimbo za gofu, na kwa mambo ya nuksi hakuwa na mchezo.

Basi kama mama amethubutu kuloweka mwani leo, ameshakata tamaa. Anaandaa matanga mapema. Yu-gyeong alimeza uchungu huo pamoja na wali wa asubuhi, huku mama akimpapasa mgongo.

"Nenda mwanangu, kacheze tu."

Kacheze tu! Ndivyo anavyoagwa mtu asiyetarajiwa kushinda.

Uwanjani upepo ulitoka baharini bila huruma. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, na wenzake wa kundi lile walikuwa wasichana wa juzi, wanamwita dada mkubwa na kumwinamia kwa heshima iliyomuuma kuliko matusi. Akikosa nafasi leo hakuna mdhamini atakayemngoja; mambo yamekwisha. Hata hivyo alicheza vizuri, tena vizuri sana, kwa sababu alikuwa na hasira. Kila mpira ulipoingia shimoni alimwambia mama yake kimoyomoyo: umeona?

Kwenye shimo la mwisho baba alimsogelea.

"Mikwaju miwili inatosha, tumepita. Huu usogeze tu karibu na shimo, unaofuata unaingiza. Usiwe na pupa, we mtoto."

Hata anayejifunza angefanya hivyo, maana ng'ambo ya shimo kulikuwa na mteremko. Lakini Yu-gyeong hakutaka kupita kwa kuchechemea. Alitaka mpira uingie mara moja, ili akirudi amtazame mama yake usoni. Akaupiga. Ukapita pembeni ya shimo, ukashika mteremko, ukaendelea kushuka wakati yeye amesimama anautazama. Alipoupiga kuurudisha, ukakataa kuingia; mikwaju miwili ikaisha, na nafasi ikaenda nayo.

Baba alipofungua mlango wa nyumba waliyokodi, harufu ikampokea.

"Mwani?" Akatupa kofia chini. "We Mama Yu-gyeong, siku ya leo? Umemroga mtoto, mpira wa mwisho umemteleza!"

Mama alikuwa mbele ya jiko, upawa mkononi. "Sijamroga mtu. Naupika kila mwaka."

"Kila mwaka lini?"

"Siku kama ya leo, mkishatoka. Nakula peke yangu, naosha sufuria, nafungua madirisha, mkirudi hamjui kitu. Leo upepo umenishinda, sikufungua." Sauti yake ilianza kukwaruza. "Mimi ndiye niliyemzaa, Baba Yu-gyeong. Siku hii ni yangu pia."

"Hata ile siku aliyochukua kombe kule Jeju?"

"Siku ile nilikunywa mabakuli mawili."

Baba akakaa chini, akawa anaitazama kofia yake sakafuni. Yu-gyeong alikuwa bado mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Siku nzima alikuwa amemchukia mama yake bure, na chuki hiyo ndiyo iliyoupiga mpira ule.

"Mbona umesimama mlangoni?" mama akamwuliza. "Kaa hapa nikupakulie. Si hakuna mtihani tena?"

Akakaa, akanywa. Supu ilikuwa ya moto, tamu. Mama akasogeza kiti karibu yake.

"Hebu niambie, mwanangu. Mpira ule wa mwisho ulikuwaje?"

Yu-gyeong akainamia bakuli.

"Upepo, Mama," akasema. "Ulikuwa upepo tu."

Mama akatikisa kichwa kwa huzuni, akamwongezea supu.