Kanga Mbele ya Lori

Mwaka 2003 kampuni ya bima alikofanya kazi Msabaha, pale Croydon, London, ilishikwa na wazimu wa rangi. Ghafla bin vuu kila kitu kikawa upinde wa mvua: vikombe, kalamu, mpaka sabuni ya chooni. Kumbe wakubwa wamegundua kwamba mashoga nao wana magari ya kukatia bima!

Msabaha, Mpemba asiyeficha kwamba anaishi na mwanamme mwenziwe, akateuliwa kupanda lori la kampuni kwenye maandamano ya mashoga apunge mkono. Wiki hiyohiyo aliomba ruhusa ya siku moja tu. Jumatatu Tarsem, mwenzake anayeishi naye mwaka wa sita sasa, anapasuliwa moyo. Dhiren, mkuu wa wafanyakazi, akalirudisha ombi: ruhusa ya kuuguza ni kwa mwenye mume au mke.

"Sipandi lori lao, ng'o!" Msabaha alifoka nyumbani.

"Panda," akasema Tarsem, Kalasinga wa Nakuru. "Ukifukuzwa, kodi tutalipa kwa ndevu zangu?"

Bi Pamela wa matangazo naye akataka lori lipambwe kwa "kitu cha kwenu". Haya. Kwao Msabaha mwenye kinyongo hagombi, hujifunga kanga, na anayesemwa akaisoma mwenyewe. Akaenda Ilford, dukani kwa Bi Malak, akapekua rundo zima mpaka akaipata aitakayo: MBELE ZA WATU WANISIFU, TUKIWA WAWILI HUNIJUI.

"Rangi zake tamu hizo!" Pamela akashangilia, akaitundika mbele ya lori, chini kabisa ya jina la kampuni. Msabaha akacheka mpaka machozi. Nani ataisoma hapa?

Asubuhi ya maandamano akaja Dhiren na tai yake, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema ila Kiingereza. Akasimama mbele ya kanga, akaisoma kwa sauti, neno baada ya neno. Msabaha akajua amenaswa. Basi, kazi imekwenda.

"Mimi mzaliwa wa Tanga, bwana," Dhiren akasema. "Baba alikuwa na duka la kanga. Ninaposemwa najua."

Akakohoa, akatoa fomu mfukoni. "Kompyuta yao inakubali mume au mke tu. Tarsem nimwandike nani?"

"Ana ndevu mpaka kifuani, Mzee Dhiren."

"Kompyuta haina macho. Jumatatu nisikuone kazini."

Jumatatu jioni Tarsem akafumbua macho, akamkuta Msabaha kando ya kitanda.

"Kampuni imekuruhusu?"

"Kampuni ipi? Ile bado inapeperusha bendera. Aliyeniruhusu ni Dhiren."

"Kaandika mimi nani wako?"

"Mke."

Tarsem akacheka, mishono ikamuuma, akalaani kwa Kipunjabi. Kisha akaushika mkono wa Msabaha, na nesi alipokuja kuuliza huyu ni nani, hakuuachia.