Sneha na Karata za Kutupa

Sijawahi kuona mtu anayetupa karata na kujitoa mchezoni upesi kama mdogo wangu Sneha, na ndicho kilichomponza Diwali ya mwaka jana. Nyumbani kwetu Iringa, jioni ya Diwali baada ya sala, Mama humgawia kila mtu karata tatu kumkaribisha Lakshmi, mungu wa kike wa neema. Dau letu si pesa, ni maharage ya Igowole. Raundi ya kwanza hakuna anayeruhusiwa kutupa. Hata ukishika takataka, unabaki mezani mpaka karata zifunuliwe. Sneha alizitazama zake, akazitupa. Mama akanyanyuka.

"Akirudia, simgawii tena karata maisha yangu yote," alisema. Na mama yetu, Bi Shanta, hana utani kwenye mambo ya Lakshmi.

Tabia hiyo Sneha ameitoa kwenye simu. Anauza miwani Mbeya, na akifunga duka hucheza poka mtandaoni kwenye meza za dau dogo kabisa, zile za wanaoanza. Mwaka huu nami nikajiunga, kwa kiburi tu. Kama yeye anaweza, mimi nishindwe nini? Nilichapwa vibaya. Nikampigia simu nikifoka kwamba mtambo unaiba.

"Bhai, kaka yangu, leo umetupa karata mara ngapi?" akauliza.

"Nitupe kwa nini? Mimi si mwoga!"

"Basi hujaibiwa. Umewagawia mwenyewe."

Nilikasirika, lakini nikamwomba anifundishe. Tulikuwa tunacheza yeye akitazama kioo cha simu yangu kutoka Mbeya. Tupa. Tupa. Hiyo nayo tupa. Mfalme na saba nilizozipenda, tupa. Akanionyesha raha ya kusema wa mwisho, wenzako wote wakishasema yao. Kulikuwa na jamaa mmoja anapandisha dau kila mara, nikataka kumtishia na karata tupu.

"Huyo hatishiki, muache," akasema Sneha. "Subiri ushike kitu, halafu upandishe wewe. Atakufuata tu."

Nikasubiri mpaka chai ikapoa. Wakaja wafalme wawili. Nikapandisha, jamaa akanifuata mpaka mwisho, akaishiwa. Nilipiga kelele mpaka mteja wa duka langu la vifaa vya ujenzi akaangusha bawaba za milango. Nilipotaka kuendelea, Sneha akasema tuondoke, maana jamaa kashatoka na waliobaki wote wanajua kucheza.

"Kabla hujatazama karata, bhai, tazama umekaa na nani."

Jamani, yule msichana ana akili. Mimi ndiye kaka mkubwa, lakini nasema wazi, namhusudu.

Diwali ya mwaka huu akaja nyumbani kwa basi. Furaha yangu ilichanganyika na hofu, kwa sababu mtu aliyezoea kutupa, mkono wake huenda wenyewe. Nikamfuata jikoni. "Nakuomba, leo usitupe. Mama hatakugawia tena, unamjua." Akaendelea kukaanga chakri, vitafunio vyetu vya Diwali.

Mama akagawa. Nikachungulia karata za Sneha: mbili, tano, tisa, na hazifanani hata rangi. Takataka tupu. Mama hakutazama za kwake, alikuwa anamtazama binti yake tu.

Sneha akasukuma konzi ya maharage katikati.

Mama akainua nyusi, akamfuata. Sneha akaongeza. Mama, ambaye hajatishwa na mtu tangu azaliwe, akamfuata tena. Wakaendelea hivyo mpaka mbele ya Sneha pakabaki kitambaa cheupe cha meza tu, ndipo wakafunua. Mama alikuwa na malkia wawili.

Akayazoa maharage kwa mikono miwili huku akicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Baba afariki.

"Umecheza vibaya wewe!"

"Vibaya sana, Mama," akasema Sneha, akimsogezea pakiti ya karata. "Nigawie tena."

Mama akagawa.